Onyo na Uvumi: Sheria za Habari na Mitandao Mbele ya Sauti ya Msichana wa Mugumu

Utangulizi

Mijadala mingi kuhusu uhuru wa kujieleza nchini Tanzania huanzia Dar es Salaam na huwa na wahusika wawili wakuu: mhariri na waziri. Gazeti limefungiwa, mwenye blogu ameshindwa kulipia leseni, mwanasiasa ameshtakiwa kwa maneno ya uchochezi. Uzito wa mijadala hiyo hauna shaka. Hata hivyo, imewazoesha watafiti kuzisoma sheria za habari kana kwamba kila usemi unaodhibitiwa ni usemi dhidi ya serikali. Uhakiki huu unazisoma sheria hizo kutokea Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, mahali ambapo usemi unaohitaji ulinzi kuliko mwingine wote hauigusi serikali hata kidogo. Ni usemi wa binti wa miaka 12 aliyesikia jikoni kwamba na yeye yumo katika maandalizi ya saro, au wa jirani aliyesikia hivyo hivyo na anasitasita kupiga simu.

Hoja inayojengwa ni kwamba sheria za Tanzania zinazotawala habari na mitandao zinautambua usemi wa kweli na usemi wa uongo, lakini hazilitambui onyo. Na zinamtambua mtoto kama mtu wa kufichwa, wala si kama msemaji. Matini zinazohakikiwa ni Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari ya mwaka 2016, Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 na zile za 2020 zilizochukua nafasi yake, pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Matini hizo zinasomwa sambamba na filamu ya hali halisi iliyopigwa Mugumu, In the Name of Your Daughter (2018), ya mwanahabari wa Kanada Giselle Portenier. Filamu hiyo inazungumziwa na wengi kwa ajili ya ujumbe wake dhidi ya ukeketaji. Ni wachache waliouliza imepata wapi haki ya kuwaonesha watoto wale.

Mugumu na majira ya onyo

Ukeketaji wa mtoto wa kike ni kosa la jinai nchini tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 ilipoingiza kifungu cha 169A katika Kanuni ya Adhabu. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi miaka 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. Kifungu hicho kinamlinda aliye chini ya umri wa miaka 18 peke yake, jambo litakalorejewa baadaye. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulionesha kwamba asilimia 10 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini walikuwa wamekeketwa. Kwa Mkoa wa Mara kiwango kilikuwa asilimia 32.

Miongoni mwa Wakurya na baadhi ya majirani zao, saro haifanyiki siku yoyote mtu atakayo. Wazee wa mila, ambao kwa Wakurya huitwa inchama, ndio wanaotoa ruhusa, na kwa desturi msimu huangukia likizo ya Desemba, hasa katika miaka shufwa. Mwaka 2014 ilifunguliwa Mugumu nyumba salama chini ya Dayosisi ya Mara ya Kanisa Anglikana, ikaanza kuwapokea wasichana waliokimbia makwao. Mwanamke aliyejulikana zaidi kwa kazi hiyo ni Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto na ambaye mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women Tanzania, lenye nyumba Mugumu na Butiama.

Kalenda hii ina umuhimu wa kisheria ambao ni rahisi kuupita. Habari ya kawaida husimulia lililotukia, na ukweli wake hupimwa kwa tukio lenyewe: gari limepinduka au halikupinduka. Onyo la Novemba kwamba binti fulani wa kitongoji fulani atapelekwa kwa ngariba wiki ya pili ya Desemba halina tukio la kupimiwa. Likifanikiwa, tukio halitokei kabisa, na aliyeonya hubaki bila ushahidi. Likithibitika, maana yake limeshindwa. Usemi wa namna hii ndio unaoiendesha nyumba salama ya Mugumu, na ndio ambao sheria za mitandao haziukuti katika msamiati wake.

Kifungu cha 16 na neno uongo

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao kinamtia hatiani mtu anayechapisha, kwa njia ya kompyuta, taarifa anayojua kuwa ni ya uongo, ya udanganyifu, ya kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana, au vinginevyo kuudanganya au kuupotosha umma, au kuficha kutendeka kwa kosa. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ikumbukwe kwamba faini ya juu kabisa kwa anayemkeketa mtoto, inapotozwa faini, ni shilingi 300,000. Ulinganisho huo haukukusudiwa na Bunge. Ni matokeo ya sheria mbili kutungwa kwa vipindi tofauti, moja ikibakia na viwango vya shilingi ya 1998. Lakini mkazi wa Mugumu anaishi chini ya sheria zote mbili kwa wakati mmoja.

Kwa Kiswahili, orodha ya sifa nne katika kifungu hicho ina mvutano ndani yake. Uongo ni neno linalomdai mwongo. Haliwezi kutumika kwa mtu aliyekosea kwa nia njema bila kumtukana. Ndiyo maana mtu muungwana husema "si kweli" au "umepata habari zisizo kamili" pale ambapo hataki kumvunjia mwenzake heshima. Isiyo sahihi, kwa upande mwingine, ni sifa ya taarifa na haimgusi mtu: tarehe iliyokosewa, jina la mzee lililoandikwa la ndugu yake. Kifungu kinaziweka sifa hizi mbili kwenye mstari mmoja na adhabu moja. Mtetezi wa kifungu atajibu kwamba neno anayojua linaokoa hali, kwa kuwa upande wa mashtaka lazima uthibitishe kuwa mtuhumiwa alijua. Jibu hilo ni sahihi mahakamani. Kabla ya mahakama kuna kituo cha polisi, kuna simu inayochukuliwa kama kielelezo, kuna nauli ya kwenda na kurudi. Maxence Melo wa JamiiForums, aliyekamatwa Desemba 2016, alikabiliwa na kesi zilizoendelea hadi mwaka 2020, naye alikuwa na mawakili na jina linalojulikana. Jirani wa Serengeti mwenye simu ya laini mbili hana hayo.

Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari inaongeza neno jingine. Kifungu chake cha 54 kinagusa taarifa ya uongo, uvumi au ripoti inayoweza kuleta hofu na taharuki kwa umma au kuvuruga amani. Hapa ndipo onyo linapokaribia zaidi hatari, kwa sababu kwa umbo lake la nje onyo na uvumi hufanana. Vyote viwili huanza na "nasikia". Vyote viwili hupita mdomo kwa mdomo, havina saini, na huzungumzia jambo ambalo bado. Onyo linalofanya kazi yake huleta hofu. Bila hofu hakuna mzazi atakayeahirisha wala polisi atakayewasha gari. Kifungu kinatoa utetezi kwa aliyechukua hatua za kuhakikisha ukweli wa taarifa kiasi cha kuamini kuwa ni ya kweli. Utetezi huo uliandikwa kwa kumfikiria mwandishi wa habari, anayeweza kupiga simu upande wa pili na kuuliza. Anayeonya kuhusu saro akipiga simu upande wa pili, yaani kwa baba wa binti, amekwisha kulitoboa onyo lenyewe, na binti atahamishwa kwa shangazi usiku huo.

Wahenga walikuwa na nadharia yao ya uvumi: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo kwa kawaida hufundishwa shuleni kama tahadhari kwa anayesengenywa. Ikisomwa kwa makini, inasema jambo la kiepistemolojia: kwamba usemi unaweza kuwa na thamani kwa kuelekeza kwenye lijalo, hata kama leo halina mahali pa kushikwa. Sheria ya 2016 imechukua nusu ya kwanza tu. Lisemwalo lazima liwepo.

Utanzu ambao Kanuni ziliusahau

Ajabu ni kwamba watunga kanuni hawakuwa wageni kabisa wa nadharia ya tanzu. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 zilikataza maudhui ya uongo yanayoweza kuupotosha umma, kisha zikatoa msamaha kwa tashtiti na mzaha, kwa kazi ya kubuni, na kwa maudhui yaliyotanguliwa na tamko kwamba si ya kweli, ilimradi jambo hilo limeelezwa wazi mwanzoni. Mhakiki wa fasihi hana budi kutabasamu: hapa dola imekiri kwamba sentensi moja huweza kuwa na hukumu tofauti kutegemea utanzu wake. Msanii wa vichekesho ameonekana. Mwandishi wa riwaya ameonekana. Anayepiga mbiu hakuonekana.

Kanuni za 2020 zilipanga upya maudhui yaliyokatazwa katika Jedwali la Tatu, kwa makundi: maadili ya kujamiiana, faragha na utu wa mtu, usalama wa umma, afya, dini, lugha mbaya, na mengine, likiwamo kundi la maudhui ya uongo na yanayopotosha. Mpangilio wa jedwali ni wa bohari: kila kitu kina rafu yake. Faragha na utu iko karibu na mwanzo, jambo la kupongezwa. Lakini makundi haya hayazungumzi. Hakuna mahali panapoeleza nini kifanyike pale ulinzi wa afya ya mtoto unapodai kuvunjwa kwa faragha ya familia, na kwa Mugumu hilo si swali la mtihani.

Kwa upande wa mahakama, tayari kuna hoja za kutosha za kulijengea onyo makao, ingawa hakuna hukumu iliyolitaja kwa jina hilo. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika shauri Na. 2 la mwaka 2017 lililofunguliwa na Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania, iliamua tarehe 28 Machi 2019 kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Vyombo vya Habari, kikiwamo cha 54, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya. Kosa kubwa lililoonekana ni ukosefu wa uwazi: mtu wa kawaida hawezi kujua mapema ni usemi gani utamtia hatiani. Marekebisho ya mwaka 2023 yaliiondoa kashfa katika jinai na kulegeza baadhi ya adhabu, hatua ambayo wahariri waliipigania kwa miaka. Ni haki kusema kwamba marekebisho hayo yalikuwa ya wahariri. Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo ndiyo inayomgusa asiye mwandishi, haikupata mwamko wa namna hiyo.

Hukumu yenye manufaa zaidi kwa Mugumu haikutoka Arusha. Ilitoka Kampala. Mahakama ya Juu ya Uganda, katika shauri la Charles Onyango Obbo na Andrew Mwenda lililoamuliwa Februari 2004, ilibatilisha kosa la kuchapisha habari za uongo na kueleza kwamba usemi haupotezi ulinzi wa katiba kwa sababu tu mtu mwingine anauona kuwa wa uongo, wenye makosa au wa kuudhi. Kenya ilifuata njia iliyo karibu na hiyo mwaka 2016, pale Mahakama Kuu ilipokibatilisha kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano katika shauri la Geoffrey Andare. Hoja ya Uganda inakwenda mbali zaidi kwa sababu haiishii kwenye utata wa maneno. Inauliza uongo unamdhuru nani na kwa kiasi gani kinachoweza kuonekana. Swali hilo likiulizwa Serengeti, baba aliyetajwa kimakosa ana madhara halisi: heshima yake katika ukoo, pengine siku mbili mahabusu. Si madhara madogo, na waandishi wa utetezi huyapuuza mno. Lakini yanaweza kurekebishwa. Kilichokatwa hakirudi.

Pamekuwa na jaribio moja la kuukwepa mgogoro huu bila kusubiri mahakama. Shirika la Samwelly, kwa kushirikiana na mradi wa ramani wa Crowd2Map ulioanza mwaka 2015, limewapa wawakilishi wa vijiji simu janja na mafunzo ya kutoa taarifa za ukatili kwa programu maalumu, na vijiji visivyokuwa na alama katika ramani vikachorwa ili gari la uokoaji liweze kufika usiku. Kwa lugha ya sheria, onyo limehamishwa kutoka uwanja wa umma kwenda kwa mpokeaji mahususi. Halitangazwi, linapelekwa. Hiyo ni busara, na kwa kiasi kikubwa humtoa mwonyaji katika hatari ya kifungu cha 54. Haimtoi kikamilifu katika kifungu cha 16, kwa kuwa maana ya kuchapisha katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ni pana na hujumuisha hata kupeleka na kusambaza. Pia inaleta jambo jipya: jina la mtoto, kitongoji chake na hofu yake sasa vimo katika hifadhidata.

Uso wa mtoto

Filamu ya Portenier ilipigwa katika msimu wa saro, na nguvu yake inatokana na uamuzi mmoja wa kifani. Wasichana wanaonekana. Hawakuwekewa ukungu usoni, sauti zao hazikubadilishwa, na wanazungumza wakiwa wameitazama kamera au wakiwa wameinamisha macho kwa namna ambayo mtazamaji wa Mara anaielewa bila kutafsiriwa. Wazazi wao nao wanasema, na si kama mazimwi. Baadhi wanazungumzia mahari ya ng'ombe kwa utulivu wa watu wanaozungumzia mavuno. Filamu ingeweza kuchagua njia ya televisheni nyingi za nchini, ya kumfunika mtoto uso. Njia hiyo ina kasoro isiyosemwa sana. Katika taarifa za habari ukungu huohuo huwekwa kwa mtuhumiwa na kwa mwathirika, na mtazamaji aliyekosa sentensi ya kwanza hawezi kujua anamwangalia nani. Msichana aliyetembea gizani hadi Mugumu kukataa jambo la ukoo wake ametenda kitendo cha usemi mkubwa kuliko makala yoyote ya gazeti; kumfuta uso ni kumrudisha kwenye kundi la wasio na jina.

Upande wa pili wa hoja ni mzito vilevile. Mwaka 2018 si kama mwaka 1978, ambapo filamu ilioneshwa ukumbini na kurudi kabatini. Vipande vyake hukatwa, huwekwa katika YouTube na kurushwa katika makundi ya WhatsApp, na simu zilizowafikia wawakilishi wa vijiji zimewafikia na wajomba. Binti aliyekubali kusema akiwa nyumba salama, akiwa amezungukwa na waliomwokoa, hakuweza kukadiria maana ya kuonekana na wanaukoo miaka kumi baadaye. Hakuna mtoto anayeweza. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha katika ibara ya 16 na uhuru wa mawazo katika ibara ya 18, na zote mbili ni za binti huyo huyo.

Nani basi aliyepaswa kukubali kwa niaba yake? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka katika kifungu cha 4 kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kuzingatiwa kwanza, na katika kifungu cha 11 inampa mtoto mwenye uwezo wa kuunda mawazo haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Kifungu cha 11 ni miongoni mwa vifungu vyenye heshima zaidi katika sheria za nchi na miongoni mwa visivyotumika sana katika mijadala ya habari. Kisha inakuja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria hiyo inaziweka taarifa za watoto katika kundi la taarifa binafsi nyeti, inataka ridhaa ya maandishi, na kwa asiyeweza kuridhia mwenyewe kwa sababu ya umri inamwelekea mzazi, mlezi au mwingine anayetambuliwa na sheria.

Kanuni hiyo ina mantiki Masaki na ina mantiki Mbeya. Mugumu inageuka kitendawili. Mzazi ndiye anayekimbiwa. Kuomba ridhaa yake kabla ya mtoto kusema kwamba mzazi huyo anataka kumkeketa ni kumkabidhi mshtakiwa kalamu ya mlalamikaji. Kuikwepa ridhaa yake kwa kumtumia mlezi wa nyumba salama kunaleta ugumu wa namna nyingine, kwa sababu nyumba hiyo, kama taasisi yoyote inayotegemea wafadhili, ina haja yake ya picha. Hakuna ubaya katika haja hiyo. Mchele wa Desemba hununuliwa kwa fedha, na fedha huja kwa hadithi. Lakini anayeihitaji picha hawezi kuwa pia mwamuzi pekee wa iwapo picha itolewe. Afisa ustawi wa jamii, ambaye tayari ana nafasi chini ya Sheria ya Mtoto, angefaa zaidi kukaa katikati. Neno mwingine anayetambuliwa na sheria linaweza kubebeshwa maana hiyo bila kusubiri Bunge, iwapo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itatoa mwongozo.

Filamu yenyewe ina mandhari inayoonesha jinsi ridhaa ilivyo jambo gumu kuliko fomu. Baada ya msimu kupita, wazazi huitwa kwenye nyumba salama ili kupatanishwa na mabinti na kuahidi kwamba hawatawakeketa. Kamera haionekani kuwa na haraka. Mzazi anaahidi, binti anapima. Katika upimaji huo, mtazamaji anaona kwamba mtoto anaweza kuisoma ahadi kwa makini kuliko watu wazima waliomo chumbani, na kwamba kifungu cha 11 hakikukosea kumwita mwenye uwezo wa kuunda mawazo. Hapo filamu inaipita sheria kwa hatua kadhaa. Inapotumia muziki kutuambia lini tuhuzunike, inarudi nyuma.

Baada ya umri wa miaka 18

Linabaki suala la umri, ambalo sheria hizi zinalitumia kwa njia zinazopishana. Msichana aliyepigwa picha Mugumu akiwa na miaka 12 hufikisha miaka 18, na siku hiyo mambo mawili hutokea kwa pamoja. Kifungu cha 169A cha Kanuni ya Adhabu kinaacha kumwona. Shinikizo la kukeketwa akiwa mtu mzima, mara nyingi kutoka kwa familia ya mume, halimo tena katika maneno ya kosa hilo. Wakati huohuo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inamfanya mwenye ridhaa kamili juu ya picha zake, pamoja na haki ya kuomba zirekebishwe, zizuiwe au zifutwe.

Haki hiyo ya pili ina thamani ikiwa anajua picha ziko wapi. Nakala ya filamu ipo nje ya nchi, vipande vimo katika simu za watu, na maelezo yake ya Novemba ile yamo katika hifadhidata iliyomwokoa. Kwa kila sehemu kati ya hizo angehitaji kujua amwandikie nani na kwa lugha gani. Nyumba salama ya Mugumu ina orodha ya waliowahi kupita hapo, na kwa sasa huo ndio mwanzo pekee unaoonekana: kumtafuta kila aliyeoneshwa, mmoja mmoja, anapotimiza umri huo, na kumuuliza upya.